Kila nikifuma nafumua: nifanyeje?

SWALI: Nipo Nkuhungu, Dodoma. Nafuma vitambaa kwa sindano ya kroshia na uzi wa pamba. Mkono wangu si mbaya, lakini tangu Pasaka sijamaliza hata kimoja. Nikiona jicho moja, yaani kitanzi kimoja cha uzi, limelegea nafumua mpaka katikati, na sasa uzi wenyewe umeanza kutoka manyoya. Shangazi anasubiri vitambaa sita vya kuwekea glasi. Naombeni msaada.

JIBU: Dada, hayo manyoya yanatokana na kufumua. Pamba ikifumuliwa tena na tena msokoto wake hulegea, na macho yanayofuata hutoka mabaya kuliko yale uliyoyafuta.

Kuna kosa linalokua na kosa linalobaki palepale. Linalokua ni la hesabu. Kitambaa cha duara cha macho marefu, yale ya kuzungusha uzi mara moja kabla ya kuchoma, huanza na macho 12, kisha kila mzunguko huongezwa 12: 24, 36, 48. Ukisahau kuongeza, kitajikunja kama bakuli. Ukizidisha, pembeni kitafanya mawimbi. Hilo fumua, lakini mzunguko uliokosewa tu. Ndiyo maana tunasisitiza uhesabu kabla ya kufunga kila mzunguko, na uchomeke kipande cha uzi wa rangi nyingine penye jicho la kwanza.

Jicho lililolegea halikui. Livute kidogo kwa ncha ya sindano ili ulegevu ugawanyike kwa macho ya jirani, usonge mbele.

Kazi ya shangazi iwe mizunguko minne. Uzi ukiwa mwembamba sana, mitano, yaani macho 60. Amua leo na uandike, maana kazi nyingi hukwama pale mtu anapofika katikati akasema "ngoja nitie na ua pembeni." Ua litiwe kwenye seti ijayo. Tena fuma vyote sita kabla ya kunyoosha hata kimoja, la sivyo kile kilichonyooshwa kitakufanya uvione vingine vibovu.

Mkia wa uzi usiuahirishe. Acha sentimita 15, ufiche papo hapo kwa sindano ya kushonea, kwenda na kurudi. Mikia ikirundikana, vitambaa hulala kwenye mfuko miezi.

Mwisho ni kunyoosha: loweka dakika 15 kwenye maji ya uvuguvugu, kamua ndani ya taulo bila kusokota, tandaza juu ya shuka lililokunjwa. Vuta duara likae sawa, bana kwa pini zisizoshika kutu, moja kila macho manne. Hapa ndipo macho mengi yaliyokukosesha usingizi hujipanga yenyewe. Anika ndani, kiangazi cha Dodoma kitavikausha upesi, na nje upepo utavijaza vumbi. Usichomoe pini kikiwa bado na unyevu, kitajikunja tena.