Maswali yenu kuhusu taamuli (kukaa kimya na kuichunguza akili)

Nikifumba macho nitulie, mawazo ndiyo kwanza yanaongezeka. Nakosea wapi?

Hukosei. Yalikuwepo tangu asubuhi, ila shughuli zilikuziba masikio. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Killingsworth na Gilbert, walichapisha utafiti uliowauliza watu kwa simu, katikati ya shughuli zao, walikuwa wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili ilikuwa kwingine. Kwa hiyo fuata pumzi inavyoingia na kutoka puani. Akili itatoroka tu. Ukigundua imetoroka, umeshaiona tabia yake. Irudishe bila kujikaripia.

Mimi ni mwepesi wa hasira. Kukaa kimya alfajiri kutanisaidia nini jioni, watoto wakiniudhi?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Hasira huanzia mwilini kabla ya kufika mdomoni: taya hukaza, kifua hubana, uso hupata joto. Asiyewahi kujichunguza huzishtukia dalili hizo ameshafoka. Mahasi Sayadaw, mtawa wa Kibuddha wa Burma, alifundisha kulitaja kimoyomoyo kila linalozuka: “hasira, hasira”, “hofu, hofu”. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake, huko California, Marekani, walionyesha kwamba mtu akiipa jina hisia aionayo kwenye picha ya uso, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, hupunguza msisimko. Ukizoea kutaja, utaanza pia kuona kilicho chini ya hasira. Mara nyingi ni uchovu, au aibu ya kudharauliwa kazini, na watoto hawana kosa lolote.

Je, hii si ibada ya dini nyingine?

Asili yake ni Ubuddha, tusifiche. Lakini tangu 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliifundisha hospitalini Massachusetts, Marekani, kozi ya wiki nane isiyo na ibada. Waislamu wa njia za Kisufi nao wana muraqaba, yaani kutulia kimya na kuuelekeza moyo kwa Mungu. Moyo ukisita, muulize shehe au padri wako.

Nikitulia namkumbuka marehemu kaka yangu, nami nashindwa kupumua. Niendelee?

Pole sana, ndugu yangu. Usijilazimishe. Kwa mwenye jeraha kubwa moyoni, ukimya unaweza kulitonesha. Fumbua macho, kanyaga sakafu uisikie, taja vitu unavyoviona chumbani. Kisha mwone daktari au mshauri nasaha. Taamuli utairudia baadaye, mkiwa naye.