Mkono wa Kushoto wa Tom Robinson

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi na nasimamia klabu ya usomaji ya kidato cha tano. Muhula huu tunasoma To Kill a Mockingbird ya Harper Lee. Tumefika kwenye kesi ya Tom Robinson na klabu imegawanyika. Kundi moja linauliza: kama ilionekana wazi kwamba mkono wake wa kushoto haufanyi kazi, kwa nini jaji hakumwachia? Kundi la pili linasema Atticus ni wakili dhaifu, ndiyo maana akashindwa. Wote wanataka kujua kama Tom angeshinda iwapo kesi ingesikilizwa kwetu. Halafu kuna la insha: wanachanganya chuki, hukumu isiyo ya haki na dhuluma, wanaziandika kama kitu kimoja. Naomba msaada wako.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Umeniletea swali zuri kuliko mengi ya mashamba na mirathi ninayoletewa hapa Arusha.

Asiyekisoma kitabu asiachwe nyuma. Kilitoka mwaka 1960. Hadithi iko Maycomb, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Alabama, Marekani, miaka ya 1930. Msimulizi ni Scout, anayeanza simulizi akiwa hajatimiza miaka 6 na kuishia akikaribia 9. Baba yake, Atticus Finch, anapangiwa na jaji kumtetea Tom Robinson, kibarua Mweusi anayedaiwa kumbaka Mayella Ewell, msichana wa Kizungu kutoka familia inayodharauliwa kuliko zote za Wazungu wa pale.

Twende kwenye ushahidi, maana hapo ndipo vijana wako wanapoteleza. Sherifu anaeleza kwamba Mayella alikuwa na michubuko upande wa kulia wa uso, na alama za vidole kuzunguka shingo yote. Atticus anamuuliza, tena na tena, kama kuna aliyemwita daktari. Hakuna. Kwetu jambo la kwanza ambalo wakili angeulizia ni PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Ikikosekana si lazima kesi ife, lakini maswali yanaanza. Kisha Atticus anamwomba baba mtu, Bob Ewell, aandike jina lake mbele ya mahakama. Anaandika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao ukimpiga mtu anayekutazama humpata upande wa kulia wa uso.

Halafu anapanda Tom. Wasomeeni tena polepole pale anapokula kiapo. Mkono wake wa kushoto ulinaswa na mashine ya kuchambulia pamba akiwa mtoto, ni mfupi kuliko wa kulia na umenyauka. Anaunyanyua kwa mkono mzima, anauweka juu ya Biblia, anapoinua wa kulia ule mbovu unateleza na kugonga meza ya karani. Anajaribu tena. Jaji anamwambia basi, inatosha. Hapo Atticus bado hajamuuliza swali hata moja, na watu wote ukumbini wameshaona.

Je, hilo linathibitisha kwamba Tom hakumpiga? Kisheria, hapana. Mtu mwenye mkono mmoja wa kulia anaweza kumchapa mwenzake upande wa kulia wa uso kwa mgongo wa kiganja, na mwendesha mashitaka mjanja angesema hivyo. Vidole vilivyozunguka shingo nzima ni vigumu zaidi kuvieleza. Lakini Atticus hakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba Tom hana hatia. Vijana wanaomwona dhaifu wamembebesha mzigo usio wake. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashitaka, na wanatakiwa kuubeba mpaka pasibaki mashaka ya msingi. Utetezi ukileta shaka moja yenye mashiko umemaliza kazi. Atticus alileta tatu: daktari hakuitwa, Ewell ni wa mkono wa kushoto, Tom mkono huo hana. Mimi binafsi sioni angefanya nini zaidi pale mahakamani. Hata katika kuchagua wajumbe alicheza karata: alimbakiza mmoja wa ukoo wa Cunningham ambaye angeweza kumkataa, na ndiye aliyewakawiza wenzake kwa saa kadhaa akitaka Tom aachiwe.

Sasa, kwa nini jaji hakumwachia? Katika mfumo ule kazi imegawanywa. Jaji anasimamia sheria. Kuamua nani mkweli na nani mwongo ni kazi ya juri, yaani raia 12. Maelezo ya Mayella chini ya kiapo, yakiaminiwa, yanatosha kumfanya mshitakiwa awe na kesi ya kujibu, na kuyaamini au kutoyaamini si kazi ya jaji. Jaji Taylor alifanya lililokuwa ndani ya uwezo wake, na alilifanya kimyakimya: kesi hiyo kwa kawaida ingekwenda kwa wakili kijana anayetafuta uzoefu, yeye akampa Atticus. Miss Maudie, jirani yao, anawaeleza watoto jambo hilo baadaye, na wanafunzi wengi hulipita bila kuliona.

Wale 12 walikuwa akina nani? Wanaume Wazungu, wengi wakulima. Wanawake wa Alabama hawakuruhusiwa kuwa wajumbe wa juri mpaka 1966. Watu Weusi waliachwa nje kwa mazoea. Mwandishi hakuyatunga haya hewani. Mwaka 1931, katika jimbo hilohilo, vijana Weusi 9 walikamatwa wakidaiwa kubaka wanawake wawili wa Kizungu ndani ya treni, wakashitakiwa Scottsboro, na ndani ya siku chache wanane kati yao wakahukumiwa kifo. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani mara mbili. Mwaka 1932 ilisema vijana wale hawakupewa utetezi wa maana, na mwaka 1935 ikasema kuwafungia Weusi nje ya juri ni kuvunja katiba. Karatasi ilikuwa imeshasema. Maycomb hawakuwa wameisoma.

Lakini kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawaligusi, na kwangu mimi ndilo kiini cha kesi nzima. Juri haitoi sababu. Wale wanaume wanaingia chumbani, wanafunga mlango, wanatoka na neno moja, kisha wanakwenda nyumbani. Hakuna anayewauliza: ule mkono mliuonaje? Zile alama za shingo mlizielezaje? Chuki ya mji mzima imepewa chumba cha kujifungia.

Kumbuka pia jibu lililommaliza Tom. Mwendesha mashitaka anamuuliza kwa nini alikuwa akimsaidia Mayella kazi bila malipo. Tom anasema alimwonea huruma. Ukumbi unachafuka. Mtu Mweusi amemhurumia Mzungu, yaani kwa dakika moja amejiweka juu yake. Hakuna kifungu cha sheria anachovunja mtu kwa huruma. Sasa waambie wanafunzi wachukue kalamu waandike kama mahakimu: "Namtia hatiani mshitakiwa kwa sababu alimwonea huruma mlalamikaji." Wataona wenyewe kwamba sentensi hiyo haiandikiki. Inafanya kazi ikiwa haijasemwa tu.

Tuje kwetu. Hatuna juri. Wengi wanadhani wazee wa baraza ni kitu kilekile, sivyo. Wazee wa baraza ni wa Mahakama Kuu, kwenye kesi kama za mauaji. Wanatoa maoni, jaji hafungwi nayo, na siku hizi hata kukaa nao ni hiari ya jaji. Kesi ya ubakaji inaanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, na hakimu anaamua peke yake. Akiamua anatakiwa kuandika: mambo yaliyobishaniwa ni haya, uamuzi wangu ni huu, sababu zangu ni hizi. Anayeshindwa anaichukua karatasi hiyo na kuikatia rufaa Mahakama Kuu, na kutoka hapo Mahakama ya Rufani.

Niliwahi kumtetea mlinzi mmoja hapa mjini, kijana wa Kimaasai aliyedaiwa kuiba dukani alikokuwa akilinda. Mwenye duka nilimuuliza: wenye funguo ni watatu, kwa nini umemtaja huyu? Akajibu, "Yeye ndiye wa kuja." Hakimu hakuonyesha chochote usoni. Aliinamisha kichwa akaandika maneno yale kama yalivyo kwenye mwenendo wa shauri, na siku ya hukumu akayasoma kwa sauti, akauliza kuna ushahidi gani mwingine zaidi ya hayo. Haukuwapo. Kijana akaachiwa.

Ingekuwa kwetu Tom angeshinda? Nisiwadanganye vijana kwamba ni lazima. Sheria yetu inaruhusu mshitakiwa wa ubakaji kutiwa hatiani kwa maneno ya mlalamikaji peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu za kuridhika. Katika shauri la Selemani Makumba la mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi bora katika kosa hilo ni wa aliyetendewa. Naiunga mkono kanuni hiyo. Bila yenyewe wasichana wengi wasingepata haki, kwa kuwa kosa lenyewe hufanyika faraghani. Mahakama hiyohiyo imekumbusha baadaye kwamba neno la mlalamikaji nalo lazima lipimwe. Ila kupima ni kazi ya binadamu. Hakimu akiandika "nilimtazama shahidi akitoa ushahidi, nikamwona mkweli," mahakama ya juu kwa kawaida haiingilii, maana haikuwapo kumtazama. Kama kuna mlango ambao dhana za mtaani kuhusu kabila, lafudhi au mavazi zinaweza kuingilia, ni huo. Na adhabu si ya mchezo: kwa mtu mzima haipungui miaka 30 jela. Huko Alabama iliweza kufika kifo.

Kwa hiyo mkono ule ungemsaidia zaidi hapa, kwa sababu hakimu angelazimika kuueleza kwa maandishi. Akiuruka, ningekuwa na sababu ya kwanza ya rufaa kabla sijafika nyumbani.

Kuhusu insha, mimi ningewaonyesha watu badala ya maana za kamusi. Chuki ni Boo Radley, jirani anayejifungia ndani: watoto hawajawahi kumwona, lakini wana hakika anakula kindi wabichi. Haijamuumiza sana bado, ni maneno. Hukumu isiyo ya haki ni mwalimu Miss Caroline anayemwadhibu Scout siku ya kwanza shuleni, huku amekwishachukizwa kwamba mtoto anajua kusoma kabla hajafundishwa (hilo litawafurahisha wanafunzi, wewe jiandae). Ameamua haraka, ameamua vibaya, lakini kesho yaweza kurekebishwa. Dhuluma ni Tom, kwa sababu chuki na uamuzi mbaya vimeshikana na dola: pingu, gereza, bunduki. Anapigwa risasi 17 akijaribu kutoroka gerezani, kabla rufaa haijasikilizwa.

Na wasimsahau Mayella. Vijana humchukia wakamaliza. Tom mwenyewe anaieleza mahakama mambo ambayo Bob Ewell alikuwa akimfanyia binti yake, na alama za uso zinamwelekea baba huyo. Amedhulumiwa nyumbani, kisha yeye naye akamdhulumu mtu pekee aliyemsaidia. Insha itakayoyaweka hayo mawili pamoja bila kumsafisha wala kumkanyaga, mimi ningeipa alama za juu.

Usiku ule wa wanaume waliokuja gerezani kumchukua Tom wamuue kabla ya kesi haunihitaji mimi kuueleza Moshi. Magazeti yetu yana maneno yake tayari: "wananchi wenye hasira kali." Mtu anapiga kelele ya mwizi karibu na stendi, na dakika tano baadaye hakuna hata mmoja anayeweza kusema kilichoibwa ni nini. Angalia anachofanya Scout. Hahubiri. Anamtambua mtu mmoja kundini, anamwita kwa jina, anamuulizia mwanawe. Kundi linakuwa watu tena.

Kuna swali moja nawaachia, kwa kuwa mimi mwenyewe linanisumbua. Mwishoni Bob Ewell anawavamia watoto wa Atticus usiku, Boo anawaokoa, Ewell anakufa, na sherifu anaamua kuandika kwamba aliangukia kisu chake, ili Boo asiburutwe mbele za watu. Wasomaji wote hufurahi. Mimi kama wakili nashindwa kufurahi moja kwa moja: ofisa mmoja ameamua peke yake, gizani, bila kusikiliza wala kuandika sababu za kweli. Safari hii nia ilikuwa njema. Waache wabishane.

Wakitaka kuona mahakama kwa macho, nenda Mahakama Kuu hapo Moshi au mahakama ya wilaya wiki moja kabla, ongea na karani, mwambie ni wanafunzi wangapi. Mashauri husikilizwa wazi, isipokuwa yale ya makosa ya ngono, kwa hiyo omba siku yenye wizi au kujeruhi. Sare za shule, simu zizimwe, wainame wanapoingia na kutoka. Mbebe maji, na muwe tayari kukuta shauri limeahirishwa.