Imezama au ilizama? Majibu ya maswali yenu

*"Mtoto amelala" maana yake yuko usingizini sasa hivi. Mbona "mtoto amekula" maana yake ameshaondoka kwenye sahani? -ME- si ni ile ile?* (Mama wa Mwanga, Kigoma)

Ni ile ile, mama. Kinachobadilika ni kitenzi. -ME- inasema jambo limetokea na matokeo yake yapo. Kulala ni kuingia katika hali, ukishaingia, umo. Vivyo hivyo amesimama, amechoka, dagaa wamekauka. Kula ni kazi. Ikikoma, kinachobaki ni shibe. Jaribu na shati: "anavaa", mkono mmoja bado uko nje, "amevaa", yuko tayari kutoka.

*Niliandika "Liemba imezama mwaka 1916", mwalimu akapiga mstari mwekundu. Kosa liko wapi?* (Mwanafunzi, Ujiji)

Mwalimu yuko sahihi, tena mara mbili. Kwanza, mwaka uliokwisha pita unataka -LI-. Sababu ya pili ndiyo tamu. Wajerumani waliizamisha wenyewe meli hiyo ya Ziwa Tanganyika mwaka 1916, enzi hizo ikiitwa Graf von Goetzen. Ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kuzama kulitokea, ila hakukudumu. "Ilizama" haijali yaliyofuata. "Imezama" ingedai meli iwe chini ya ziwa mpaka hapo ulipokuwa unaandika! Na mtumbwi uliookolewa dakika za mwisho? Huo "ulikuwa unazama", wala haukuzama.

*Nikisema "nimesoma kitabu", nimekimaliza?* (Kijana wa Kasulu)

Si lazima. Kusoma unaweza kukomea ukurasa wowote na bado ukawa umesoma. Ukitaka mwisho uonekane, sema "nimekisoma chote" au "nimekimaliza". Kufika hakuna nusu: ama upo, ama bado. (Bodaboda wangu husema "nimeshafika, bosi" huku nasikia kabisa kelele za sokoni. Hapo sarufi haina lawama.)

*"Hajaja" na "hakuja" zinatofautianaje?* (Mvuvi, Kibirizi)

Ukiambiwa mwenye karabai hajaja, endelea kusubiri mwaloni, huenda akatokea. Ukiambiwa hakuja, hiyo ni habari ya jana, na usiku ule hamkuvua.