Prosesa ya mwanga kwa video: inasaidia wapi, inakwama wapi

Swali ni kama mwanga utaharakisha kugawa picha (kutenga vitu vilivyomo) na kufuatilia kitu kwenye video. Kufuatilia, ndiyo. Kugawa, nusu tu.

Mpangilio wa kawaida ni 4f (urefu wake ni fokasi nne za lenzi): leza, paneli ya LCD yenye fremu, lenzi, paneli ya kichujio, lenzi ya pili, kamera. Lenzi ya kwanza huvunja fremu kuwa mawimbi yake, yaani badiliko la Fourier, au spektra. Kichujio ni badiliko hilo la kitu unachokitafuta, lililogeuzwa alama ya fezi (hatua ya wimbi). Bakiza fezi peke yake, kilele (nukta angavu inayoonyesha kitu kilipo) kitakuwa kikali zaidi. Kitu kikisogea, nukta hiyo kwenye kamera nayo husogea, basi unasoma mahali pake tu.

Wengi hukosea vipimo. Kwa leza ya nanomita 633, pikseli za mikromita 8 na eneo la 1080 × 1080, lenzi ya kwanza iwe na fokasi ya milimita 109 hivi. Ukiweka ya 150, spektra inatanuka, haikai juu ya pikseli za kichujio, na nukta inafifia. Kichujio kikienda upande pikseli chache, matokeo ni hayo hayo. Kitu kikizunguka au kikikua, badilisha kichujio.

Kugawa: ziba kitone cha katikati ya spektra, utabaki na kingo. Kujua lipi gari na lipi mtu bado ni kazi ya kompyuta.

Na kasi? Mwanga hupita kwa takriban nanosekunde 1.5, lakini LCD ya hezi 60 inakurudisha kwenye fremu 60 kwa sekunde. Weka paneli ya vioo vidogo (DMD) na kamera ya kasi, la sivyo GPU (chipu ya michoro ya kompyuta) itakushinda.