Mkija Kigoma na Sarakasi, Angalieni Mwezi Kwanza

Vikundi vya sarakasi na dansi vikinipigia simu kutoka Dar kutaka kufanya onyesho la wazi huku Kigoma, swali la kwanza huwa ni uwanja, la pili ni spika. Mimi nawauliza tarehe, kisha nafungua kalenda kuangalia mwezi. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawatoki. Wanabaki nchi kavu wakishona nyavu, wakicheza drafti na kubishana mpira. Hizo ndizo siku zenu. Mkija siku za giza, pale Kibirizi au Katonga mtakuta wanaume wamelala mchana na usiku wako ziwani, akina mama wanakimbizana na jua waanike mzigo wao. Mtacheza mbele ya watoto peke yao, halafu mtaandika kwenye ripoti kwamba mmeifikia jamii.

Saa nayo ina mambo yake. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua linazama karibu saa moja, wakati Dar giza limeshaingia. Ujiji, ambako Waislamu ni wengi, anzeni watu wakishatoka kuswali alasiri na mfunge kabla ya adhana ya magharibi. Hapo mna zaidi ya saa mbili za mwanga wa bure, bila jenereta. Ijumaa iacheni ipite. Na mkifika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga na dagaa kushushwa, msitandike mkeka wenu kwenye mchanga wa kuanikia dagaa, hata kama mnauona uko wazi na umefagiwa vizuri. Umefagiwa kwa sababu ni mahali pa kazi pa mtu.

Sasa ushirikiano wenyewe. Mimi nimekulia kwenye ngoma, baadaye nikaingia dansi ya kisasa, na siku hizi kazi zangu nyingi nafanya na wanasarakasi. Ugonjwa ninaouona kila mara ni wa zamu: ngoma dakika kumi, sarakasi dakika kumi, ngoma tena wakati wanasarakasi wanafuta jasho na kupanga viti. Hapo wacheza ngoma wamegeuzwa kuwa watu wa kujazia muda. Watazamaji wanalijua hilo haraka kuliko nyie, na ngoma ikianza tu wanakwenda kununua karanga.

Sarakasi tunayoifahamu Tanzania ina historia yake. Miaka ya 1960 serikali ilituma vijana China wakajifunze, wakarudi na ile milima ya viti na sahani za kuzungusha juu ya fimbo. Mpaka leo vikundi vingi vya mtaani vinapanga onyesho kwa mtindo huo, tukio moja, makofi, tukio jingine, makofi. Sina ugomvi nao, ni kazi nzuri inayotaka nidhamu. Ila sarakasi ya kisasa imechukua njia nyingine. Ufaransa, mwaka 1995, mtunzi wa dansi Josef Nadj alitengeneza onyesho zima na wahitimu wa shule ya taifa ya sarakasi ya Châlons, na wengi wanalitaja kama mlango ambao sarakasi ya namna hii ilipitia. Hapakuwa na kusubiriana zamu. Anayeruka ndiye anayecheza, na kuruka kwenyewe ni sehemu ya habari inayosimuliwa. Tofauti ni kwamba wao walikutana ndani ya majumba yenye tiketi, sisi tunakutana mchangani, jogoo anakatiza katikati ya jukwaa.

Na huku kwetu hamhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Watazameni wapiga ngoma wa mtindo wa Burundi, ambao wamejaa mkoa huu, kuanzia kwa Waha ambao lugha yao na Kirundi zinasikilizana, hadi wale waliopitia kambi za wakimbizi za upande wa Kibondo na Kasulu. Sanaa hiyo UNESCO iliiweka kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014. Wanaingia wamebeba ngoma kichwani huku wakipiga, wanazipanga nusu duara, katikati inabaki moja, inkiranya. Wengine wanaoitwa amashakwe wanashikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo wanaifuata ile ya kati. Kisha mmoja mmoja anatoka mbele, anaruka magoti yakikaribia kifua, anaizunguka ngoma ya kati, anaipiga, anampisha mwenzake. Niambieni, huyo ni mpiga ngoma, mchezaji au mwanasarakasi? Kikundi chenye akili kinaanza kazi yake hapo. Msiwaite wapiga ngoma hao wawasindikize. Waulizeni nafasi yenu ni ipi ndani ya duara lao.

Kwenye mazoezi, ushauri wangu ni kuuzima muziki wa simu kwa siku zote za mwanzo. Wanasarakasi wamezoea kuhesabu, moja, mbili, hop! Wacheza ngoma hawahesabu, wanasikiliza. Mkiwasha wimbo wa kurekodi kila upande unajificha nyuma ya wimbo, na tatizo linabaki palepale mpaka siku ya onyesho. Mkiacha ngoma ipigwe na mtu, mtalazimika kukubaliana ni wakati gani mwili unaifuata ngoma na wakati gani ngoma inaufuata mwili. Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: mtu akiwa juu ya mabega ya mtu, mwenye amri ni yule wa chini. Mpiga ngoma asitazame uso wa yule wa juu, unapendeza lakini haumwambii kitu. Atazame magoti ya mbebaji. Yakikunjika, anapunguza, anabakiza mguso wa vidole kwenye ngozi. Yakinyooka, anashusha pigo. Nimeona wapiga ngoma wazee wakilishika jambo hili asubuhi moja, maana wao maisha yao yote wamepiga huku wakisoma miguu ya wachezaji. Wanaochelewa ni vijana wa sarakasi. Kumwachia mtu mwingine hesabu yao kunawatia hofu, na hofu hiyo ni ya haki, shingo ni zao.

Vifaa, tumieni vya pale pale. Kasia, dumu, ndoo. Akina mama wa mwaloni wanabeba beseni la dagaa kichwani, wanapanda kilima huku wanajibizana na bodaboda bila kulishika. Mwiteni mmoja wao katikati mkiwa na yule kijana wenu anayejidai kusimamisha chupa puani. Atapata adabu kidogo, na uwanja mzima utakuwa wenu.

Pesa. Hapa ndipo vikundi vingi vinavunjika, na kinachovivunja si posho peke yake, ni tuzo, yaani pesa ambazo watazamaji wanamtunza msanii. Mwandiga niliona mama mmoja ametoa noti kwenye pindo la khanga, akaja kumtunza binti aliyesimama juu kabisa ya piramidi. Hakumfikia. Akazunguka upande wa pili, hakumfikia. Mwishowe akainama, akaichomeka ile noti kwenye soksi ya kijana wa chini aliyebeba wote, akamwambia, "Mpe mwenzio." Kijana alikuwa ameng'ata meno, hata kucheka hawezi. Baada ya onyesho wanasarakasi wakasema ni yao, wapiga ngoma wakasema bila mdundo wao yule mama asingeinuka alipokaa. Noti ilikuwa ya elfu mbili, ugomvi wake ulikuwa wa laki. Tangu hapo nasisitiza kapu moja, litangazwe mbele ya watu kwamba tuzo zote zinaingia humo, na mgao uandikwe kabla ya safari. Malipo yahesabiwe kwa siku za mazoezi. Mkilipana kwa ukubwa wa makofi, anayeruka atamzidi siku zote anayeshikilia mdundo. Na wapiga ngoma wenyeji walipwe sawa na waliotoka Dar. Soda na ahsante si malipo.

Mavazi ni jambo fupi: ya kubana mwili yabaki kwenye begi. Suruali pana ya kitenge inaruka vizuri tu.

Kuhusu ujumbe, najua wafadhili wanautaka. Malaria, ukatili wa kijinsia, shule, hakuna nisichowahi kuombwa. Lakini mkisimamisha onyesho ili mtu ashike kipaza sauti na kuhutubia, mmewapa watu ruhusa ya kuondoka. Kama suala ni watoto wanaoacha shule kufuata mitumbwi, liwekeni kwenye miili: nani anambeba nani, nani anachoka, nani anadondoshwa. Watu wa hapa si wajinga, wanaelewa.

Halafu watoto. Mkishaondoka, wataanza kujirusha kutoka kwenye kingo za mitumbwi wakiwaiga, hilo lina uhakika kuliko kitu kingine chochote nilichoandika humu. Kwa hiyo bakini siku moja ya ziada, muwafundishe kuanguka kabla ya kuruka: kidevu kifuani, bega litangulie, mgongo uviringike. Fanyieni karibu na maji, mchanga ulipolowa na kushikana. Mchanga mkavu unameza nguvu ya kuruka, na mtu aliyezoea sakafu hufika chini kabla hajamaliza kuzunguka. Wanasarakasi wenu pia wajaribu huo mchanga siku moja kabla, wasije wakaugundua mbele ya umati.

Vibali anzeni na afisa utamaduni wa halmashauri husika, kisha polisi, kisha mtendaji na mwenyekiti wa mtaa. Kwa mwaloni ongezeni viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, maana wao ndio wanaojua mitumbwi itavutwa wapi siku hiyo. Barua iwe na nakala, na nakala yenye mhuri akae nayo mtu asiyecheza, kwa sababu atakayekuja kuiulizia huja wakati nyote mko hewani.