Jibu: Pinboli ya Bally inapepesa mara sita halafu inagoma

Kaka, umesema taa nyekundu kwenye bodi kuu ya hiyo pinboli yako (mashine ya mchezo wa mpira wa chuma) ya Bally ya 1979 inapepesa mara sita kisha basi, na umeshaanza kutafuta bodi nyingine. Usinunue kitu bado. Ikiwa nzima hupepesa mara saba, na mpepeso wa saba husubiri umeme wa koili (sumaku zinazosukuma mpira), kama volti 43 hivi. Ukikosekana, mashine haiamki. Mgonjwa wako huenda yuko kwenye bodi ya pawa, ile iliyo kando ya transfoma.

Zima, chomoa plagi, toa fyuzi kabisa ndipo uipime kwa mita. Usiiamini kwa macho. Huku Tanga hewa ya bahari haina huruma: niliyoifungua mimi hapa Ngamiani, fyuzi ilikuwa nzima, ila pini za konekta zilikuwa nyeusi kama mkaa, na moja ilikuwa na ufa mwembamba wa duara kwenye lehemu, ambao unauona tu ukiigeuza bodi kwenye mwanga. Nilichomelea upya, nikabadilisha konekta pamoja na pini zake zote. Kuzikwangua kwa msasa ni kuahirisha tatizo.

Ukiwasha tena, pima TP5 kwenye bodi hiyo, yaani kituo cha kupimia (TP) cha huo umeme wa koili. Hakikisha pia transfoma imefungwa kwa umeme wetu wa volti 230, maana nyingi zilitoka Marekani. Na tafadhali sana, usiguse sehemu inayolisha skrini za namba: pale kuna takriban volti 190, na kapasita yake hubaki na chaji hata ukishazima. Vipimo vya TP1 hadi TP5 vilete hapa tuvitazame.