Barua kwa mwanangu: hao askari wa kwa meli

Nyathina,

Mesej yako niliiona jana usiku lakini stima ilikuwa imepotea na simu iko asilimia nne, so nakujibu saa hii nikichunga omena nimeanika hapa nje. Umeniuliza mbona wale askari kwa picha ya Maine, meli ya hospitali, Durban mwaka wa 1900, wanacheka na blanketi zao kwa deki kama watu wako likizo na huku vita ya Waingereza na Makaburu inaendelea huko Afrika Kusini, ama picha ilipangwa ya kudanganya watu.

Inaweza kuwa ilipangwa. Lakini mimi nimekaa wadi miaka thelathini na mbili na hiyo furaha naijua. Wewe unatafuta bandeji, wengi wa wagonjwa wa ile vita hata risasi haikuwagusa. Waingereza walizika karibu watu 22,000 na zaidi ya nusu waliuliwa na ugonjwa, sanasana taifodi, ni maji tu. Na dawa hakukuwa, antibayotiki zilikuja miaka mingi baadaye, kwa hivyo unalala unangoja homa ishuke, na ikishuka inakuja njaa ya ajabu na utumbo bado uko na vidonda, sasa unapewa maziwa asubuhi maziwa jioni, maana ukila kitu kigumu mapema utumbo unaweza toboka na umeenda.

Nilipokuwa mpya kazini tulikuwa na kijana hivo, tumemwambia ni vitu laini tu, nikaona siafu wamepiga laini kutoka dirishani mpaka kwa mto wake, kuinua, nusu ya ugali imefungwa na gazeti. Mamake alimletea kwa huruma. Niliitoa akalia, mwanaume mzima na ndevu. Siku daktari alimruhusu kula alicheka vile vile kama huyo askari wako wa kushoto kwa picha.

Hiyo meli yenyewe pesa zilichangwa na kina mama Wamarekani huko London, mbele yao akiwa mamake Winston Churchill, na angalia vile mambo huenda, Februari kijana wake mwingine, Jack, akapigwa risasi mguuni akaletwa kulazwa humo humo.

Sasa wale hawako kwa picha. Kabla mtu afike Durban lazima abebwe, na waliobeba machela ni pamoja na Wahindi wa Natal kama 1,100, Gandhi akiwa kati yao, kutoka Spion Kop, kilima walichopigania huko Natal, na kwingine, kuna siku walitembea zaidi ya kilomita 30 na mtu begani. Wengi wao walikuwa vibarua wa mkataba. Mwaka huo huo Wahindi wengine walikuwa wanalaza reli kuja hapa kwetu Kisumu, ikafika 1901.

Na hapo ndio nafikiria babu yangu. 1914 Waingereza na Wajerumani wakaanza yao, Juni 1915 meli zikatoka hapa Kisumu na askari kwenda kupiga Bukoba, na vijana wetu wakachukuliwa Kariakor, yaani Carrier Corps, kubeba mizigo ya jeshi. Wa Kenya peke yake inakadiriwa walikufa zaidi ya 40,000, na hao pia ni ugonjwa, kuhara hasa, unapewa unga na hakuna kuni wala muda, unakula nusu mbichi na kesho unabeba tena. Babu alirudi na miguu yake, anahara damu. Kwa deki hakuna mtu alimwekea blanketi.

Hakuwa anaongea hiyo vita. Lakini mpaka anakufa alikuwa anabonyeza ugali na kidole gumba kwanza, anaangalia katikati, na akipata unga haujaiva anasukuma sahani pole pole bila neno. Nyanya miaka yote alidhani ni dharau ya mapishi yake.

Paka amefika kwa omena, wacha nikimbie.

Mamako